Kuvunja misimbo ya siri: vijana au wazee?

kijana_shela: Wadau wa Lamu, jana hapo Mkunguni mjomba kaniambia eti sisi vijana wa kompyuta tuna mbio tu, kuvunja misimbo kwataka wazoefu. Kweli?

jahazi77: Mwambie Rejewski, yule Mpolandi, aliivunja Enigma, ile mashine ya Wajerumani ya kuandika siri, 1932 na miaka 27 tu 😂

babu_kobo: Polepole wanangu. Ile SIKE, njia ya kufunga siri za kompyuta, ilivunjwa 2022, kompyuta ya kawaida ikamaliza kwa kama saa 1, lakini siri ya kuivunja ilikuwa hesabu ya mwanahisabati Ernst Kani ya 1997, sasa mtoto ataijua vipi kama hasomi vya zamani? Mimi hapa programu naandika, ila simu ya mjukuu yanishinda wallahi

kijana_shela: Haya babu, leo kahawa ya mjomba nalipa mie