Naomba ushauri: kufundisha dira na ramani zama hizi za akili mnemba

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mstaafu, nilifundisha usomaji wa ramani jeshini. Nimeombwa kuandaa mafunzo mafupi kwa vijana waliozoea programu ya akili mnemba kuwachagulia njia. Hata kukadiria umbali kwa macho hawawezi! Na vifaa hivyo si vya kutegemewa daima: Ukraine mawimbi ya GPS (ya setilaiti zinazoonyesha mahali ulipo) yanavurugwa, na chuo cha wanamaji Annapolis, Marekani, kilirudisha somo la kuongoza meli kwa nyota mwaka 2015 baada ya kuliacha.

Nimejaribu kuwanyang'anya vifaa siku moja kwa wiki. Wananuna, wanafaulu, wiki mbili baadaye wamesahau.

Je, waanze na dira peke yake kabla ya kugusa mashine, au vyote pamoja? Na mazoezi ya kukumbushia yarudiwe kila baada ya muda gani?