Naomba ushauri: Beetle ya zamani, muuzaji anataka hela kwanza

Habari zenu wakuu. Nimeipenda Volkswagen Beetle moja inayouzwa mtandaoni, tangazo linasema ni ya 1967. Bei iko chini mno kuliko zingine za hali hiyo, na hapo ndipo roho inasita.

Nilimwomba picha ya namba ya chesisi, ile iliyogongwa chini ya kiti cha nyuma. Akatuma, ila inaanza na 115 wakati za modeli ya 1967 huanza na 117. Anadai chesisi ilibadilishwa. Inawezekana, magari haya hufungwa vipuri vya mengine kila leo. Lakini nikiomba video ya moja kwa moja, ana udhuru. Nikitaka kutuma fundi, ananirudisha kwenye kampuni ya kushikilia fedha aliyoichagua mwenyewe, na linki kanitumia yeye! Picha nimezisaka mtandaoni, sijazikuta kwingine.

Wenye uzoefu, chesisi ikiwa imebadilishwa kweli, nidai karatasi zipi? Na akikubali tutumie kampuni ninayoichagua mimi, kuna mtego gani mwingine wa kuuangalia?