Stempu yenye kijiji cha theluji na mapaa marefu ya nyasi, ni wapi hapa?

BintiPwani:
Wakuu habari za jioni. Nilikuwa napangua makaratasi ya marehemu baba nikakuta bahasha ya zamani, barua aliandikiwa na mwalimu wa kujitolea aliyewahi kufundisha nae, na stempu yake ni nzuri mno sijawahi kuona. Kuna kijiji bondeni, nyumba zimeezekwa nyasi ila paa zimesimama wima hatari, theluji imejaa, nyuma milima. Maandishi siyaelewi, nimesoma NIPPON tu pembeni. Hiki ni kijiji cha kweli au mchoraji katunga? Na kwanini wanaezeka vile?

Kaskazi_77:
Pole kwa kumpoteza mzee dada. NIPPON ndo Japani, walianza kuliweka hilo neno kwenye stempu zao 1966, kwahiyo barua ni ya baada ya hapo.

MpendaStempu:
Dada BintiPwani hicho ni Shirakawa-go, mkoa wa Gifu huko milimani, na kama kuna mto pembeni huenda ni kitongoji cha Ogimachi chenyewe, ndo kinachopigwa picha kuliko vingine. Ni cha kweli kabisa na watu wanaishi humo mpaka leo, UNESCO walikiingiza kwenye urithi wa dunia 1995 pamoja na vijiji viwili vya jirani, Ainokura na Suganuma.

Paa ziko vile kwa sababu ya theluji. Kule inaanguka nyingi na ni nzito, paa ikilala inavunjika, sasa wao wanaisimamisha mpaka karibu digrii 60 theluji iporomoke yenyewe. Angalia tena stempu yako, utaona nyumba karibu zote zimeelekea upande mmoja, hawakupanga hivyo kwa urembo, wamefuata bonde ili upepo usizipige ubavuni na jua lipate pande zote mbili za paa nyasi zikauke. Na juu huko miti haikupigiliwa misumari, imefungwa kwa kamba na fito laini, nyumba ikitikiswa inanesa haikatiki. Darini walikuwa wanafuga viwavi wa hariri, ghorofa mbili tatu nzima kazi yake ni hiyo, na chini ya sakafu walitengeneza shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Kwahiyo nyumba moja ilikuwa makazi na kiwanda humohumo.

Kinachonigusa mimi ni kuezeka upya. Paa moja inataka watu mia na zaidi, hakuna familia inayoweza peke yake, kwahiyo kijiji kizima kinatoka siku hiyo, leo kwako kesho kwangu, wenyewe wanaita yui, ni kama msaragambo wa kwetu Upareni.

Kaskazi_77:
Ongezea na ile ya 1971 mkuu. Nyumba nyingi za aina hiyo zilikuwa zimeshapotea, watu wanahamia mjini, mabwawa ya umeme yamezamisha vijiji vingine, wakazi wa Ogimachi wakakaa wakakubaliana mambo matatu: hakuna kuuza, hakuna kupangisha, hakuna kubomoa. Hiyo ni zaidi ya miaka 20 kabla ya UNESCO! Bila wale wazee stempu hiyo ingekuwa picha ya kitu kilichokufa. Na moto wanauogopa sana maana nyasi ni nyasi, kila vuli wanafungua mabomba yote kwa pamoja kuyajaribu, maji yanarushwa juu ya mapaa kijiji kizima.

BintiPwani:
Jamani asanteni sana sana, mto upo kweli nimeuona sasa hivi, na nyumba zimeelekea upande mmoja kama ulivyosema! Sasa nataka kuibandua niiweke kwenye albamu, naloweka maji ya moto au ya baridi?

MpendaStempu:
Usiloweke dada nakuomba!! Stempu peke yake ya aina hiyo zipo nyingi tu, ila bahasha nzima yenye jina la mzee na muhuri wa posta ipo hiyo moja duniani. Muhuri usome vizuri kwa lenzi, utakupa mji ilipotumwa barua na tarehe. Tafuta mfuko wa plastiki usio na PVC maana ile ina mafuta yanaharibu rangi, weka bahasha ikiwa imelala, mbali na jua na unyevu, na kama upo pwani tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na barua ya ndani usiitenganishe na bahasha yake.