Pedeli ya kushoto inacheza na Jumamosi nina safari ya milimani. Nibadilishe pedeli au nirudishe baiskeli nzima?

Mpandaji_Mpya
Habari za muda huu wakuu. Niende kwenye mada. Niliagiza baiskeli ya milimani mtandaoni, tairi za inchi 29, breki za diski, ikafika juzi ndani ya boksi. Sehemu kubwa ilikuja imeshafungwa, kazi yangu ikawa usukani, tairi la mbele, kiti na pedeli. Nimefunga vyote mwenyewe. Tatizo ni moja: pedeli ya kushoto inacheza, nikiikanyaga inalia, na imekaa upande kama jino linalosubiri kung'oka. Jumamosi naenda milimani na wenzangu wa kazini, na nilishajitapa sana. Nibadilishe pedeli peke yake au nirudishe baiskeli nzima? Matusi hapana.

Babu_Spoku
Kijana, kitu chenye magurudumu hununui kabla hujakipanda. Una urefu gani? Maana 29 kwa mtu mfupi ni mateso matupu.

Gia_Nzito
Babu usimtishe mwenzio. Tairi 29 linapita juu ya mawe kirahisi kuliko 26, na kinachoamua kama baiskeli inakufaa ni saizi ya fremu, siyo tairi. Mimi ni mfupi na nina 29 mwaka wa nne huu.

Babu_Spoku
Na kwenye kona kali unashuka unasukuma, sema ukweli.

Fundi_Kimya
Mleta mada, kwenye ekseli ya kila pedeli kuna herufi, L au R. Hiyo ya kushoto ina herufi gani, na uliizungusha kuelekea wapi?

Mpandaji_Mpya
Nilifuata video mkuu, hatua kwa hatua. Ilikaza vizuri tu. Ndiyo maana nahisi ni ubovu wa kiwandani.

Mama_Cheni
Afadhali wewe. Mimi nilichomoa kile kiplastiki kinachokaa kwenye breki ya mbele nikadhani ni takataka za boksi, mwanangu akabinya breki kabla tairi halijaingia. Pedi zikakumbatiana. Nilikaa saa nzima nikizitenganisha kwa bisibisi bapa, pole pole nisizikwangue. Nilipomaliza nikashika diski kwa mikono yenye grisi, breki ikapiga kelele kama bata hadi nilipobadilisha pedi. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Fundi_Kimya
Sikuuliza kama ilikaza. Nimeuliza herufi.

Mpandaji_Mpya
R.

Tairi_Bapa
😂😂😂 Kumbe mtu kafungua uzi hapa wakati nyuzi za pedeli kashaziua kule.

Fundi_Kimya
Mwacheni aeleze. Pedeli ya kulia inakaza kwa kuzungusha kufuata saa, ya kushoto kinyume cha saa. Imewekwa hivyo makusudi, ili mwendo wa miguu usiifungue taratibu barabarani. R haiingii kushoto kwa mkono, na hata kwa spana ya 15 inagoma. Ulitumia nini?

Mpandaji_Mpya
Niliongeza bomba la chuma kwenye mkono wa spana. Kidogo tu. Nilidhani ni rangi imeziba tundu. Na video haikusema habari ya herufi, labda niliiruka hapo.

Gia_Nzito
Bomba! Ekseli ya pedeli ni chuma, mkono wa pedeli kwenye baiskeli nyingi za aina hiyo ni alumini. Vikigombana unajua nani anaumia.

Fundi_Kimya
Basi swali lako la mwanzo limekufa. Pedeli mpya haitakusaidia, tundu ndilo bovu. Toa hiyo R, paka grisi kwenye L, jaribu kuiingiza kwa vidole ukianzia upande wa ndani wa mkono, kule kunakotazama fremu. Upande ule nyuzi huwa zimepona kidogo, zinaweza kuinyoosha njia. Ikigoma, usilazimishe tena. Fundi atoboe tundu avike bushi mpya yenye nyuzi, au ubadilishe mkono wa kushoto tu. Baiskeli nzima huna sababu ya kuirudisha.

Mpandaji_Mpya
Nashukuru mkuu. Ila kuitoa sasa ni ngumu. Jana usiku nilijaza gundi ya vyuma. Ile ya kuchanganya mbili. Wameandika inashika kuliko kulehemu.

Mama_Cheni
Uwii.

Fundi_Kimya
Ukisimama juu ya pedeli kwenye mwinuko, uzito wako wote unakaa kwenye kipande kile kidogo. Gundi ikiachia, utaangukia fremu. Sina haja ya kueleza utaanza kugonga na nini.

Mpandaji_Mpya
Nitapanda nimekaa. Tena nimeshawaandikia wauzaji kwamba mkono ulifika umeharibika, kwa hiyo wakileta mwingine naweka huo. Ya Jumamosi ni ya muda tu.

Babu_Spoku
Ulifika umeharibika? Wewe ndiye uliyeuharibu.

Mpandaji_Mpya
Babu, si uongo wote. Wangeandika maelekezo yanayoeleweka nisingefika huku. Karatasi ina picha sita, maneno hakuna.

Gia_Nzito
Kila mtu anadai hivyo, wauzaji wenyewe wana bima.

Babu_Spoku
Kwa hiyo kila mtu akila na wewe unakula? Na atakayeuziwa baiskeli hiyo ikirudishwa je?

Tairi_Bapa
Subirini kidogo, nimesoma upya tangu juu. Kama R iko kushoto, kulia kuna L. Hiyo nayo ingegoma, ingecheza, ingelia. Mbona anasema tatizo ni moja tu? Mleta mada, ya kulia iliingiaje?

Mpandaji_Mpya
Kwa vidole. Laini kabisa.

Tairi_Bapa
CHAI! L haiingii kulia kwa vidole hata uibembeleze. Mmejazwa wazee wazima. Hakuna baiskeli, hakuna bomba, hakuna Jumamosi.

Gia_Nzito
Daah, na mimi nimeshaandika insha ya tairi 29.

Mama_Cheni
Hata mimi nilishtuka kwenye gundi. Akaunti yenyewe ina siku ngapi?

Mpandaji_Mpya
Nina baiskeli jamani, niko nayo hapa sebuleni.

Fundi_Kimya
Si lazima awe ametudanganya. Mpandaji, chuchumaa upande wa kulia usome herufi.

Mpandaji_Mpya
R.

Mpandaji_Mpya
Zote mbili ni R. Nimesoma mara tatu.

Fundi_Kimya
Basi walikuletea pedeli mbili za kulia. Hilo ni kosa lao, na ungewapigia kabla ya bomba wangekutumia L bila maswali.

Tairi_Bapa
Chai hiyo, sasa imeongezwa sukari. Picha ya ekseli zote mbili au tufunge uzi.

Babu_Spoku
Waandikie upya leo hii. Pedeli mbili za kulia ni zao, bomba na gundi ni vyako. Sema vyote.

Mpandaji_Mpya
Nikisema bomba watakataa kila kitu. Nikinyamaza, wakiomba waone mkono wataona gundi. Na picha siwezi kupiga, herufi ya kushoto imefunikwa.

Tairi_Bapa
Imefunikwa na gundi uliyoipaka jana, ila leo umeisoma. Sawa.

Mpandaji_Mpya
Niliisoma jana kabla sijapaka!

Fundi_Kimya
Mimi naomba jibu moja. Gundi imekauka?

Mpandaji_Mpya
Nikiibonyeza kwa kucha inaacha alama.

Fundi_Kimya
Basi acha simu, shika spana. Bila bomba.