Tangi la maji ya bahari limezimika: nianze upya na kichujio kipi, na maji yapi?

Ummu Rukia, Kisauni
Assalamu alaikum. Pampu ya tangi langu la maji ya bahari iliungua tukiwa safarini, na niliporudi nilikuta samaki wanne wameelea. Wadogo wawili wenye milia wamesalimika na sasa wamo ndooni pamoja na kipuliza hewa cha betri. Muuzaji mmoja ameniwekea kichujio cha mkebe kilichotumika, lakini hatanisubiri zaidi ya Jumamosi. Fundi wa vioo naye anasema kwamba kwa pesa hizo hizo atanitengenezea tangi dogo la kuchujia, la kukaa chini ya lile kubwa. Aidha, sijaamua kama nichote maji Nyali au ninunue chumvi maalumu ya akwariamu. Nichague lipi?

Fundi wa Magongo
Wa alaikum salaam, dada. Hujatueleza tangi ni la lita ngapi, wala pampu ilisimama kwa muda gani, wala kama mawe na mchanga bado vimo ndani. Je, umepima amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki? Samaki wako walikufa kwa kukosa oksijeni, na bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huihitaji oksijeni hiyo hiyo. Ikiwa nao wamekufa, hakuna kichujio kitakachokuokoa: utakuwa unaanza tangi jipya, ambalo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kustahimili samaki.

Maji Makuu, Mtwapa
Chota bahari, dada. Mimi sijawahi kununua chumvi. Nenda Nyali maji yakikaribia kujaa, kwa sababu wakati huo yanayoingia yanatoka nje ya mwamba na ni safi kuliko yale yanayobaki ufuoni maji yakipwa. Yachuje kwa kitambaa kizito, upime uzito wake ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000, na ukipata 1.025 au 1.026 umemaliza.

Ummu Rukia, Kisauni
Naomba radhi kwa kutoeleza. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Pampu ilisimama siku mbili au zaidi kidogo. Mawe na mchanga bado vimo, na jana nilipoutikisa mchanga ilitoka harufu ya mayai viza. Amonia sijapima.

Mzee wa Likoni
Binti yangu, kabla hujamfuata huyo wa Mtwapa, nisikilize. Mwaka mmoja, mwezi wa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, nilichota mitungi kumi katika hori la Tudor kwa sababu palikuwa karibu na gari lingeweza kuteremka hadi majini. Maji yalikuwa meupe, hayana taka, nami nikayaamini kwa macho bila kuyapima. Nilisahau kwamba mto Kombeni unamwaga maji yake huko juu ya hori, na kwamba mvua ya siku nyingi huyazimua maji ya bahari hata yakafanana na maji ya mtoni. Jioni ile konokono walijifunga, na usiku samaki wakaanza kuhema juu juu. Nilipoazima kipimo kwa jirani nilisoma 1.017. Hapo nikafanya kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza: kwa hofu nikakoroga chumvi na kuimwaga ndani kwa mkupuo mmoja, nikakipandisha kipimo kwa saa moja badala ya siku kadhaa. Asubuhi hakubaki hata mmoja. Nilikuwa na kangaja niliyemfuga miaka mitatu, aliyekuwa akija kula kidoleni mwangu, na mpaka leo sijafuga mwingine. Kwa hiyo bahari ni nzuri, lakini chagua mahali na majira, na usitie tone bila kupima.

Kijana wa Bombolulu
Mbona msimshauri atumie chumvi ya Gongoni? Inatoka bahari hii hii yetu, na bei yake ni ndogo.

Fundi wa Magongo
Hapana, ndugu yangu. Chumvi ya kupikia karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Magnesiamu, kalsiamu na madini mengine ya bahari hubaki nyuma chumvi inapoganda, na bila hayo wanyama wa mwambani hawaishi. Chumvi ya akwariamu huhitaji takriban gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la dada, likiwa na lita 200 hivi za maji baada ya kuondoa nafasi ya mawe, litataka kilo 7 au zaidi. Tena isikorogwe kwa maji ya kisima, bali kwa maji yaliyosafishwa ya dukani.

Kuhusu kichujio, mimi nasimama na tangi la chini. Mkebe umefungwa, na umeme ukikatika kwa saa kadhaa bakteria waliomo humaliza oksijeni na kufa. Pampu ikiwaka tena, maji yale yaliyooza yanarudi moja kwa moja kwa samaki.

Maji Makuu, Mtwapa
Nina mkebe mwaka wa tano na sijaona hayo. Umeme ukikatika naufungua, naumwaga, naendelea. Tangi la chini lina hatari yake: bomba likishusha maji pampu imesimama, na kama fundi hakuacha nafasi ya kutosha, sebule yote inalowa.

Binti wa Tudor
Mnabishana juu ya vichujio ilhali mchanga umeshaoza. Dada, usiutikise tena maji yakiwamo. Hiyo harufu ni sumu kwa samaki. Utoe wote. Mawe, ambamo bakteria wale hukaa, yasuuze kwa maji ya bahari, uyaweke katika pipa lenye pampu, na upime amonia kila baada ya siku mbili. Yasipopona, usiende kuvunja mengine mwambani: hifadhi ya bahari ya Mombasa iko hapo tangu mwaka 1986, na kuchukua matumbawe humo ni kosa. Hita huihitaji kwa joto letu. Feni juu ya maji inatosha, ila ongeza maji baridi yasiyo na chumvi kila siku, kwa sababu maji hukauka na chumvi hubaki.

Kijana wa Bombolulu
Feni mwezi wa Machi, na unyevu huu wa Mombasa? Tangi langu lilifika nyuzi 31 feni ikizunguka.

Ummu Rukia, Kisauni
Nimepima maji ya ndoo asubuhi hii: amonia ni 1. Nimebadilisha nusu ya maji kwa yale ya Nyali, baada ya kuyapima na kupata 1.025. Muuzaji sijamjibu. Je, kuna aliye karibu na Kisauni anayeweza kuniazima jiwe moja lililokomaa, niwawekee hawa wawili?

Binti wa Tudor
Ninalo, karibu, ila limeota anemoni, vile vinyama laini vyenye minyiri, wadogo wale wasumbufu wanaozaana upesi.

Fundi wa Magongo
Hilo usilichukue, dada.

Mzee wa Likoni
Kwa ndoo alichukue, Fundi. Samaki wakifa leo, anemoni watamsumbua nani?