Siku mbili Windhoek: nianzie wapi kuielewa historia ya Wajerumani?

Mjukuu wa Songea
Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi ujao nitakuwa Windhoek, mji mkuu wa Namibia, kikazi, na nitabakiwa na siku mbili ambazo ningependa kuzitumia kuona alama za utawala wa Wajerumani. Nimekulia Songea, ambako Vita vya Maji Maji bado vinasimuliwa majumbani, kwa hiyo sitafuti majengo ya kupigia picha tu. Nataka kuona pia yaliyowapata Waherero na Wanama, wenyeji wa huko, katika miaka ileile ambayo wazee wetu walikuwa wakinyongwa. Je, mji wenyewe unayaonyesha hayo, au mgeni huishia makanisani na mikahawani?

Mpita Njia
Karibu sana, ndugu. Unayaonyesha, ila inakubidi uangalie vizuri. Anzia kilimani, barabara ya Robert Mugabe, ambako mambo mengi yako mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kanisa la Christuskirche lilizinduliwa mwaka 1910, na vioo vyake vya rangi vilitolewa na Kaisari Wilhelm wa Pili. Usitoke humo kabla ya kusimama mbele ya bamba la ukutani lenye majina ya Wajerumani waliokufa vitani, kwa maana yamepangwa safu kwa safu na hutaona hapo jina hata moja la Mwafrika aliyeuawa. Nilikaa nikiyasoma hadi bwana mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa namtafuta ndugu yangu.

Jirani na kanisa iko Alte Feste, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1890 chini ya afisa wa Kijerumani Curt von François. Kando yake palikuwa na kambi ya wafungwa, ambamo Waherero na Wanama, wakiwemo wanawake na watoto, walikufa kwa njaa, maradhi na kazi za shuruti baada ya Jenerali Lothar von Trotha kutoa amri yake ya maangamizi mnamo Oktoba 1904. Leo nje ya ngome ipo sanamu ya mwanamume na mwanamke waliokata minyororo, huku sanamu ya mpanda farasi ya mwaka 1912, iliyowatukuza askari wa Kijerumani, ikiwa imeondolewa hadharani mwaka 2013 na kuhifadhiwa uani mwa ngome hiyo. Jumba refu la makumbusho ya uhuru lililo karibu lilijengwa na kampuni ya Korea Kaskazini. Wenyeji hulitania kwamba linafanana na mashine ya kahawa, na ukiliona hutabisha.

Dada wa Mbeya
Nakubaliana na kaka hapo juu, isipokuwa kwa jambo moja: ukiishia kilimani utadhani mateso yalikoma Wajerumani waliposhindwa mwaka 1915. Afrika Kusini iliyowafuata ndiyo iliyowahamisha watu weusi kwa nguvu kutoka mtaa wa Old Location, na tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwafyatulia risasi waliokuwa wakipinga. Makaburi yao yapo, nayo yanastahili saa nzima ya ukimya. Mtaa waliohamishiwa uliitwa Katutura, jina la Kiherero ambalo kwa maana yake ni kukataa kukaa pale.

Nenda Katutura mchana, kwenye soko la Single Quarters, ule kapana. Nyama ya ng'ombe hukatwa vipande vidogo juu ya moto mbele yako, nawe unachovya kwenye pilipili ya unga ukiwa umesimama, moshi wote machoni. Rand inapokelewa sawa na dola ya Namibia, moja kwa moja, lakini zitumie kabla ya kuondoka dola zitakazobaki, kwa kuwa ni shida kuzibadilisha ukifika nyumbani.

Mpita Njia
Dada amenisahihisha, nami nakubali. Niongeze tu kwamba kama tarehe zako zinasogezeka, 28 Mei ni siku ya kitaifa ya kukumbuka mauaji ya kimbari, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2025.

Mjukuu wa Songea
Ahsanteni sana. Tarehe hazisogezeki, kwa bahati mbaya, lakini mpango nimeugeuza: siku ya kwanza makaburini na Katutura, ya pili kilimani. Nikianza na kanisa najijua, nitapiga picha nne, nitachoka, kisha nitatafuta kahawa.