Nimefungiwa tairi zisizo saizi ya gari langu hapa Malindi, halafu naambiwa "ni sawa tu"

Wadau, nina hasira. Nimepeleka Fielder yangu kwenye duka la tairi hapa mjini, nikamwonyesha muuzaji kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva: 195/65R15. Nikaenda kuswali. Kurudi, gari lishashushwa jeki, limefungwa 205/70R15 zote nne. Kumuuliza: "Mzee, hizo ndizo zilizobaki. Rimu si ni ile ile 15? Tena zimekuinulia gari."

Rimu ile ile! Hiyo 15 ni inchi za rimu peke yake. 205 ni upana wa tairi kwa milimita, na 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana. Piga hesabu: tairi la kibandiko lina kipenyo cha milimita 634 na nusu, hizi zina 668. Zimezidi kwa asilimia 5 na ushei. Muuza tairi halijui hili? Analijua sana.

Spidomita haioni barabara, inahesabu mizunguko tu, na imepimiwa tairi la kiwandani. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi na mshale hauna habari. Zamani nikienda Mombasa, mshale ukiwa 80 GPS ya simu ilisoma 78. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu viwanda huiacha isome juu kidogo makusudi, na kanuni ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na nchi nyingi hairuhusu isome chini ya mwendo halisi. Sasa mshale 80, simu 82. Nikipita Kilifi mjini nimeshika 50 kamili, tayari nimevuka 50. Askari mwenye kamera hapimi dashibodi yangu! Faini atalipa nani, yule muuzaji?

Kilometa nazo zinasoma pungufu. Nikingoja 5,000 nimwage oili, gari lishakwenda karibu 5,260.

Lakini kinachonichoma zaidi ni kukwaruza. Kila tairi limeongezeka karibu milimita 17 kwenda juu, na limenenepa pia. Nikikata usukani mpaka mwisho pale Gede kugeuza, nasikia krrr mbele kushoto. Nimeinama nikatazama: plastiki ya ndani ya fenda imelika mpaka imekuwa nyembamba, na bega la tairi lina mstari uliochubuka kulizunguka lote. Nyuma, nikiwa na watu watatu na mzigo, kila tuta linagusa madigadi. Njia ya Marafa ndiyo usiseme. Tairi jipya linalikwa na gari lenyewe!

Na spea bado ni 195/65. Nikipata pancha mbele, gurudumu moja litakuwa dogo na la pili kubwa, na difu, zile gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kupishana mwendo, itazunguka bila kupumzika mpaka nifike.

Nimerudi dukani nikaambiwa hazirudishwi, eti zishakanyaga barabara. Zilikanyaga kwa sababu nani alizifunga? Nataka nne za 195/65R15 au pesa zangu, basi.

Mwenye gari Malindi au Watamu aliyefanyiwa hivi, ulirudishiwa? Na ulianzia ofisi gani?